Mgeni wa Kwanza

"Umewaambia baba yako anaumwa?"

"Sikusema anaumwa. Nilisema hayuko vizuri."

"Amekufa, Peng. Ni kweli, hayuko vizuri."

Mwanangu alisimama katikati ya barabara tupu ya Hanoi, asubuhi ya mwaka mpya, amevaa nguo ndefu nyekundu aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Tulikuwa tumetoka hotelini mapema tukitafuta cha kutia tumboni kabla ya kwenda kwa wakwe. Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Bi Thoa, mama wa mchumba wake Khai: anatutakia heri, na anamwombea baba apone haraka. Peng alikuwa ameshanitafsiria mpaka hapo ndipo akakumbuka anamsomea nani.

"Na Khai anajua?"

"Khai alibeba jeneza, Mama. Atakosaje kujua? Kwao tu ndiko hajasema."

"Kwa hiyo mmekaa wawili, watu wazima wenye kazi zenu, mkapanga kumfufua marehemu."

"Tungefanyaje? Mama yake ni mtu wa mila. Akisikia nimefiwa na mzazi, harusi inasogezwa miaka mitatu. Mitatu, Mama! Mimi nina thelathini na sita."

Mila hiyo naijua, kwetu Ipoh, ng'ambo ya bahari, nako ipo. Ukifiwa na mzazi, ama ufunge harusi upesi kabla siku mia za msiba hazijatimia, ama usubiri. Siku hizi wengi husubiri mwaka mmoja na hakuna anayewauliza. Bi Thoa hakuwa mtu wa siku hizi, na siku mia zetu zilikuwa zimeshapita. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa tatu.

Nilianza kutembea, kwa sababu nikisimama ningemzaba kibao, na mtoto wa umri ule hazabwi kibao barabarani. Aliburuta viatu vyake vya kisigino nyuma yangu. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale yasiyokulowesha lakini yanakuingia mifupani, na koti langu la Ipoh, mji wa joto, lilikuwa la kuzugia tu. Kando ya njia palikuwa na ndoo za bati zenye majivu ya karatasi za sadaka walizowachomea wahenga wao usiku, na chini yametapakaa maganda ya mbegu na makopo ya bia. Hakuna anayeshika ufagio siku ya kwanza, asije akafagia na bahati. Mikono iliniwasha.

Mwanamke mwenye vikapu vya chumvi, ile inayonunuliwa asubuhi hiyo kuleta bahati, alitupitia, akamwona Peng na wekundu wake, akacheka kwa furaha na kumwambia neno. Peng aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Kasema nini?"

"Kasema nitapata mtoto mwaka huu."

Tulikata kona ya pili.

"Nikienda pale wataniuliza habari zake," nikasema. "Anakula nini, analala vipi. Niwajibu nini?"

"Sema uji."

"Uji?"

"Sema anakunywa uji, Mama. Saa moja tu. Unakunywa chai, unakula kipande cha wali wao wa kunata, unawapa watoto bahasha zao za pesa, tunaondoka. Hotelini ulie unavyotaka."

"Silii."

"Najua hulii! Hukulia hata siku ya mazishi. Ulikuwa unahesabu viti."

"Kuna mtu alipaswa kuvihesabu. Wewe ulikuwa umezimia."

Aligeuza uso, akajifuta kwa ncha ya kidole asiharibu wanja. Nilimpa leso. Kisha nikauliza jambo lililokuwa likinikera tangu jana.

"Kwa nini wamesisitiza tufike saa tatu kamili? Watu hawa hawana wageni wengine?"

Alijifanya anatafuta kitu kwenye simu.

"Peng."

"Hawajafungulia mtu mlango tangu usiku wa manane. Wanakungoja wewe. Wewe ndiye mgeni wa kwanza."

Nilisimama. Mtu anayeingia wa kwanza nyumbani asubuhi ile ndiye anayeingia na mwaka mzima, mzuri au mbaya. Huchaguliwa kwa uangalifu kuliko daktari.

"Mimi hawanijui."

"Mwaka wako wa kuzaliwa unaendana na wa baba yake Khai. Tena una mume, una mtoto mwenye kazi. Bi Thoa alisema nyumba yako imekamilika."

"Na kwa nini mwaka huu wanahangaika hivyo?"

"Baba yake Khai anapasuliwa moyo mwezi ujao."

Nilisomea uhasibu. Siamini kwamba miguu yangu inaweza kumfanya mtu chochote akiwa kwenye meza ya daktari. Lakini ile nyumba si yangu, na mwenye nyumba anaamini. Mjane wa msiba mbichi hakanyagi nyumba ya mtu mwaka mpya; hata sisi tulisafiri tusiwatie majirani wa kwetu wasiwasi, na hapa nilikuja nikidhani wanajua na wametualika hivyo hivyo. Na Bi Thoa siku moja atajua. Fomu ya ndoa itauliza, au shangazi fulani ataropoka. Mzee akiwa amepona, Bi Thoa atakasirika tu. Mzee akiwa amekufa, atakuwa amempata wa kumlaumu, na wa kumlaumu atakuwa mwanangu, mkwe anayelala chumba cha pili nyumbani mwake.

Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupamba.

"Akiahirisha miaka mitatu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Utakuwa na thelathini na tisa."

"Asante sana, Mama."

"Nakwambia tu. Sitaingia. Ama useme mwenyewe, ama mimi narudi hotelini sasa hivi na wewe uwaeleze nimepotelea wapi."

Uchochoro wao ulikuwa nyuma ya kituo cha treni. Bi Thoa alikuwa ameshafungua mlango, amesimama ndani ya kizingiti, mwanamke mdogo wa umbo, amevaa hariri ya buluu. Nyuma yake niliona mzee amekalishwa kwenye kiti, amevalishwa suti. Khai alitoka mbio kutupokea, akaona uso wangu.

"Mama, karibu, karibu," alisema kwa Kiingereza, akinishika kiwiko. "Mambo mengine tuzungumze kesho."

"Leo," nikasema, nikautoa mkono wake.

Bi Thoa alitupungia tuingie. Hatua tatu tu zilibaki. Nilimtazama Peng. Alikuwa akitazama viatu vyake, na nilikuwa tayari kugeuka niende zangu.

Khai alimwambia kitu kwa haraka. Peng akatikisa kichwa. Alinishika mkono kwa nguvu, akasimama pale pale kwenye simenti iliyolowa, akainama kwa Bi Thoa, akaanza kusema. Sielewi lugha yao. Nilisikia tu jina la mume wangu, Tek Wah, na baada ya kitambo nikalisikia tena, na mkono wa Bi Thoa uliokuwa ukitupungia ukashuka polepole.