Mbwa wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipitia mlango wa nyuma wa kliniki ya mifugo, ule wa kutolea taka, asije akaonekana. Alibeba beseni lililofunikwa gazeti.

"Shikamoo, Mama."

"Hebu niangalizie hivi vitu." Salamu akaiacha ining'inie.

Daktari aliinua gazeti. Watoto watatu wa mbwa, weusi tititi, wananuka gereji.

"Umewapaka oili chafu?"

"Ndiyo dawa ya upele. Wewe hujazaliwa, watu wanapaka."

Daktari, mkamwana wake, alilivuta beseni karibu. Siku ya harusi yake, mama huyu aliwaambia wageni kwamba mwanawe amesoma kote kule ili aje kuoa mnusa makalio ya mbwa. Tangu hapo hakuwahi kukanyaga kliniki hii. Naye daktari alikuwa na dharau yake, aliyoifuga kimyakimya mpaka ikanona.

Aliwaosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, akarudia mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Rangi yao ya kahawia ikajitokeza. Akampindua mmoja. Tumboni na kwenye mapaja, pasipo na manyoya, kulikuwa na vijipele vyenye vichwa vya njano. Vingine vimepasuka na kuacha magamba. Akakwangua ngozi kidogo, akatazama kwenye hadubini.

"Si upele huu. Hakuna kidudu hata kimoja, na hawajikuni. Wala si mapunye, manyoya hayajakatika. Ni usaha wa ngozi, unawapata watoto wanaolalia uchafu. Wanalala wapi?"

"Kwenye gunia."

"Linabadilishwa lini?"

"Kwani mimi yaya wa mbwa?"

Wawili walilia wakitafuta titi. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alilala tu, ulimi nje.

"Vijipele vingepona kwa kuoshwa na kulala pakavu," daktari alisema. "Huyu akifa, atakuwa ameuawa na oili yako. Ameilamba."

Alilisema kwa raha. Aliisikia raha hiyo katika sauti yake mwenyewe, na hakuirudisha.

Mama mkwe alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu. "Atakufa?"

"Sijui."

Daktari akawapaka wote povu la dawa ya ngozi, akaliacha likae kabla ya kulisuuza. Wakubwa wawili akawaandalia vidonge. "Wape mpaka viishe, hata ngozi ikitakata. Na gunia ulichome." Mdogo akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi, akamvingirisha taulo.

"Huyu anataka joto la mwili. Mshike. Kakae nje kwenye benchi, nina wagonjwa."

"Nje? Mbele za watu?"

"Mbele za watu, Mama."

Mama mkwe alimpokea kwa ncha za vidole, akatoka akiwa amebetua midomo.

Kupitia mlango uliobaki wazi nusu, daktari alimsikia mwanamke mwenye paka akiuliza, "Samahani, mama, huyu daktari anaijua kazi? Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Mimi simjui," akajibu mama mkwe.

Daktari akaenda kuusukuma mlango, na mkono ukamgandia kwenye kitasa. Pale kwenye benchi, katikati ya wateja waliomkodolea macho, mama mkwe alikuwa ameufunua ukingo wa taulo na kuinamisha uso wote ndani, akilipuliza lile tumbo bichi polepole, kama mtu anayepoza uji.