Ua la Fedha Kifuani mwa Mama

Mimi ndiye niliyembandika Mama lile ua la fedha. Nalisema mapema, kabla binamu zangu hawajalisema, maana huku kwetu milimani Kentucky umbea hausubiri gari. Nililifunga kifuani mwake kwa mikono yangu mwenyewe, nikalinyoosha, nikamwambia amependeza. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ua lilitoka kwa mdogo wangu, Twyla. Huyo mnamjua. Kama hamumjui kwa nyimbo zake, mnamjua kwa ule mchezo wa televisheni alioigiza nesi miaka saba, akilia kila Alhamisi bila wanja kumwagika. Sisi tulimjua zamani zaidi. Tuliimba pamoja jikoni tukiosha vyombo, yeye akipanda juu, mimi nikibaki chini. Alipokuwa na miaka tisa alishinda mashindano ya kuimba kwenye maonyesho ya wilaya, akapewa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Alirudi nalo nyumbani amelikumbatia, mafuta yamemjaa gauni, na Mama hakumgombeza.

Alipofika miaka kumi na tisa alichukua gitaa la baba akaenda Nashville. Huko wakamwambia nyimbo ni nzuri ila sauti ina pua nyingi na milima mingi. Wakamletea mtu wa kumnyoosha matamshi. Wakaweka ngoma za disko chini ya banjo, wakamvisha buti nyeupe ambazo hazijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Wimbo uliomtoa ulihusu gari la pikapu na mvulana asiyesahaulika. Twyla hajui kuendesha pikapu. Na mvulana mwenyewe, Delmer Fugate, alimwacha amesimama kituo cha mafuta na pete mfukoni. Lakini wimbo ulipigwa redioni mpaka kuku wetu wakaujua, na mimi, mjinga, nilikuwa nauimba nikifua.

Kisha akatimiza miaka thelathini na sita, na redio ikamchoka. Wanaume wa rika lake, wenye vitambi na kofia za kuficha vipara, waliendelea kupigwa asubuhi na jioni. Yeye walimwondoa kama mtu anavyoondoa kalenda ya mwaka jana. Hilo nililikasirikia kwa niaba yake, na bado nalikasirikia. Akahamia California kuigiza. Watu wakamcheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu aliweza. Sitamnyima haki yake: msichana yule anaweza kuwa mtu yeyote umtakaye. Shida yangu ilianza pale alipotaka kuwa Mama.

Majira ya baridi yaliyopita alipata filamu ya mjane wa mlimani aliyelea mabinti wawili baada ya mgodi kumla mumewe. Jina walibadilisha. Mengine yote yalikuwa yetu, hata lile jiko lenye mguu mmoja wa matofali. Mwanamume mmoja akanipigia simu kutoka London, akaniomba nimsomee maneno fulani ili amfundishe Twyla kuongea kama watu wa kwao.

"Bwana wee," nikamwambia, "huyo makamasi yake nimeyafuta mimi. Kuna mtu alimwondolea maneno hayo mdomoni, sasa na wewe unamrudishia?"

"Safi sana!" akasema. "Unaweza kurudia hiyo sentensi polepole?"

Nikamkatia simu.

Sasa niwaambie jambo la makaburini, kwa kuwa ndilo lililotuvunja. Kila mwisho wa Mei ukoo hupanda kilimani, tukafyeka nyasi, tukaweka maua ya plastiki na ya kweli, tukaimba, kisha tukala. Tunaimba kwa mtindo wa wazee: hakuna chombo, mmoja anatoa mstari kwa haraka, wengine wote wanaupokea na kuuvuta taratibu. Kanisani wanaotoa mistari ni wanaume. Makaburini kwetu ni wanawake, tangu mgodi ulipoua wanaume kumi na mmoja wa ukoo siku moja na hakubaki wa kutoa mstari wakati wa kuwazika. Bibi alitoa. Baadaye akamtaja Mama kwa jina, mbele ya makaburi, katikati ya wimbo. Ndivyo kazi inavyohama. Ukitajwa, ubeti wa pili ni wako, na kila mwaka ni wako mpaka nawe uishiwe pumzi.

Mama alikuwa ameishiwa. Ana miaka themanini na minne, na mapafu yake yanapiga filimbi. Asubuhi ile, nikimchana nywele, aliniambia, "Vella, leo naimba ubeti mmoja. Wa pili namtaja mtu."

Sikuuliza nani. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikimwogesha, nikimpikia, nikimpeleka hospitali kwenye barafu, na kila Mei nilimwona akinipita kwa macho akitazama barabarani kama gari la Twyla linakuja. Mwaka huu gari lilikuja. Nyuma yake yakaja malori manne.

Nilimfuata Twyla uani kabla hajashusha hata begi.

"Hayo malori ni ya nini?"

"Da Vella, usianze. Tunapiga picha kesho, mabondeni tu. Leo ni siku ya Mama."

"Kamera ikipanda kilimani leo, nitaiteremsha kwa teke."

"Nakuapia, kamera haitapanda." Akanikumbatia. Alinukia vitu nisivyovijua. Kisha akatoa kikasha. "Mbandike Mama hili. Ni zawadi. Mwambie avae leo leo."

Nami nikambandika. Lilikuwa ua la mlimani, lenye petali tano, zito kidogo kuliko linavyoonekana. Mama aliligusagusa njia nzima kama mtoto mwenye viatu vipya.

Kilimani tulikuwa watu sitini hivi. Meza ndefu zilikwisha kutandikwa chini ya miti: kuku wa kukaanga, maharagwe, mkate wa mahindi, keki ya matofaa ya tabaka nane aliyoileta shangazi Ocie na kuilinda kama benki. Tulimsimamisha Mama kwenye kaburi la baba. Twyla akasimama kushoto kwake, mimi kulia, nikimshika kiwiko. Watu wakavua kofia.

Mama akatoa mstari. "Nimefika mtoni na viatu mkononi."

Tukaupokea, sote, taratibu, mpaka kilima kikajaa. Akatoa wa pili. "Nani atanionyesha pa kukanyaga." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikikwaruza, lakini ilisimama wima. Mbwa wa binamu Harlis akabweka mahali fulani nyuma. Hakuna aliyejali, mbwa yule hubweka kila mwaka. Mama akamaliza mistari yote minne ya ubeti, akavuta pumzi, akamgeukia Twyla. Nilimwona akifungua kinywa kumtaja.

"Vizuri mno!" Sauti ya mwanamume. Alikuwa anapanda njia kwa mbio, spika za masikioni zikimning'inia shingoni, shati limelowa. Mwongozaji wa filamu. "Mama, ni dhahabu tupu! Tunaomba mara moja tu tena tangu mwanzo. Mbwa ameingia kwenye sauti."

Nilitazama ng'ambo ya kijito. Kwenye kichaka kulikuwa na kitu kinang'aa, na nyuma yake watu wawili wamejikunyata. Kamera haikupanda kilimani, ni kweli. Ilikuwa inatutazama kutoka kilima cha pili. Na sauti? Nikatazama kifua cha Mama. Nikalitazama ua.

"Twyla," nikasema. "Umenifanya mimi nimtegeshee Mama kinasa sauti?"

"Ningemwambia angekuwa na wasiwasi," akanong'ona. "Da Vella, sauti ile haitapatikana tena. Nilitaka ibaki."

"Ibaki wapi? Kwenye sinema yako?"

"Vella." Mama aliniminya mkono. "Ni mgeni. Ameomba." Ndivyo alivyo mama yangu. Mgeni akiomba kiti chake atakaa chini. Akajikohoza, akaanza tena. "Nimefika mtoni..." Pumzi ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika hapo hapo. Alisimama akifungua na kufunga kinywa, mkono umeshika jiwe la kaburi la baba, na watu sitini wakimtazama akiaibika.

Ndipo mstari ukatoka.

"Nimefika mtoni na viatu mkononi."

Ilikuwa sauti ya Mama. Ile ile, na mkwaruzo wake, na kale kafilimbi ka mapafu mwishoni. Lakini kinywa cha Mama kilikuwa kimefungwa. Aliyeimba alikuwa Twyla, mabega ameyakunja, shingo ameisogeza mbele kama Mama anavyoisogeza. Hata mkono ulitetemeka.

Na sisi tukaitika.

Nataka mnielewe hapa. Kwetu mstari ukitolewa unaitikiwa. Hatufikiri. Tumeitika tangu tukiwa mgongoni. Mdomo unafunguka wenyewe, na watu sitini wakauvuta mstari ule kwa upendo wote, na mmojawapo nilikuwa mimi. Akatoa wa pili, tukaitika. Nilifika katikati ya neno ndipo nikajisikia, nikaumeza wimbo kama mtu aliyemeza nzi. Mwenye mapafu mazima alikuwa anaigiza mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe amesimama pembeni yake anasikiliza. Nilitaka kumvuta nywele kama tulipokuwa wadogo. Nilijichukia kwa kuitika kuliko nilivyomchukia kwa kuimba.

Mwongozaji alikuwa anatokwa na machozi. "Endelea," akasema kwa midomo bila sauti. "Endelea."

Mama akainua mkono. Wimbo ukafa.

"Twyla," akasema polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Huyo ni mimi. Mimi nipo hapa, sijafa bado. Wewe uko wapi?"

Twyla akainamia kaburi la baba.

"Nilitaka kukutaja. Nimekungoja miaka ishirini nikutaje. Imba wewe."

Twyla akanyoosha mabega, akajaribu. Ikatoka ile ya redioni, laini, tamu, imepigwa pasi kila upande. Hakuna aliyeitika. Sauti ile huwezi kuiitikia, haina mahali pa wewe kuingia. Aliisikia mwenyewe, akaacha. Akajaribu tena, ikatoka ya Mama, akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba ametukana. Mara ya tatu alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Mtu aliyejaza viwanja vya mpira alisimama mbele ya kaburi la baba yake akitafuta sauti yake kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko yote.

Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia. Sikuwa mtu mwema siku ile. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa chungu.

Mama akainamisha kidevu, akalisogelea ua kifuani. "Wewe bwana wa masikioni, na wenzako wa kichakani," akasema ndani ya ua. "Chakula kiko mezani. Njooni mle, mshibe. Mkishashiba fungeni virago." Akalibandua, akamkabidhi mwongozaji. Yule bwana alilipokea kwa mikono miwili, akakosa pa kutazama. Akageuka, akaanza kuteremka njia.

Ubeti wa pili ulikuwa unangoja, na hakuna anayeweza kuondoka kilimani ubeti ukiwa unaning'inia. Hata shangazi Ocie aliacha kuilinda keki.

"Vella," Mama akasema.

Nilidhani anataka kiti. "Nikuletee kiti, Mama?"

"Nimekutaja. Kiti cha nini?"

"Mama, sauti yangu ni ya chura. Unajua. Mimi ni wa kuitika tu."

"Nimekuuliza habari ya sauti?"

"Umenitaja kwa sababu yeye ameshindwa."

"Ndiyo," akasema. Mama hadanganyi makaburini. "Na kwa sababu uko hapa. Toa mstari, watoto wana njaa."

Basi nikautoa. Niliutoa kwa hasira, sina haja ya kuficha. Kwa hasira ya Nashville na ya redio, ya yule mtu wa London, ya lile ua, ya kutajwa wa pili baada ya miaka ishirini ya kuwa wa kwanza kuamka. "Maji ni baridi na ng'ambo ni mbali," nikapiga, na sauti yangu ikapasuka katikati kama sahani. Sikuitengeneza.

Wakaitika. Wote, na ubaya wa sauti yangu wakaubeba juu juu kama wanavyobeba jeneza. Mama naye aliitika, midomo tu, jicho lake kwangu. Halikwenda barabarani.

Kisha nikaisikia. Nyuma yangu kushoto, juu ya sauti zote, imetoka puani, nyembamba, haijanyooshwa na mtu. Sauti ya mtoto wa miaka tisa aliyekumbatia paja la nguruwe. Ilitetemeka, ikapotea, ikarudi, ikapanda juu mahali pake pa zamani pale jikoni, mimi nikiwa chini.

Binamu Harlis ananiambia Twyla alikuwa analia mpaka kamasi. Sijui. Sikugeuka. Nilikuwa bado na hasira naye, na ubeti ulikuwa na mistari mitatu mingine. Nikatoa uliofuata, nikamwachia nafasi aitike.