Kitufe Akataa Choo

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Barafu, kwa sababu alitengeneza mafriji, na kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya jengo alilokuwa akiishi. Nje ya mlango mafriji mabovu yalisimama wima kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Sasa alikuwa akikaribia miaka mitatu, anapanda makochi, anajibizana na watu wazima, na nepi bado anavaa. Baba yake alimwita Kitufe, maana alizaliwa na kipua kidogo kama kitufe cha shati, na jina likamganda.

Mambo yalianzia chekechea, siku alipompeleka kumwombea nafasi. Mwalimu mkuu alimchezesha mtoto kidogo, akampenda, kisha akamgeukia baba mtu.

"Baba, mtoto mchangamfu huyu. Ila wa nepi hatuwapokei. Tukifungua shule aje akiwa anajua kwenda msalani. Mfundisheni."

"Tutamfundisha," akajibu Fundi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani neno hilo lilimsumbua. Tutamfundisha, yeye na nani?

Akanunua poti ya kijani, akampigia simu dada yake mkubwa, aliyekuwa amelea lundo la watoto mbali huko alikoolewa.

"Mdogo wangu, hilo nalo la kukunyima usingizi?" dada akacheka. "Akimaliza kula tu, mkalishe. Asiinuke mpaka kitoke kitu. Wangu wote nimewazoesha hivyo."

Akamkalisha. Kitufe alikaa kwa utulivu wa jaji mahakamani. Akaimba, akaomba maji, akaomba hadithi, akainuka mkavu. Baba alipomfunga nepi, kabla hajabandika upande wa pili, mtoto akamaliza haja zake zote humo humo, akashusha pumzi ndefu.

Mwenye saluni iliyopakana na karakana, msusi aliyekuwa shoga wa marehemu mkewe, ndiye aliyemshikia mtoto kila Fundi alipoitwa majumbani kwa wateja. Aliposikia habari hizo aliweka kitana chini.

"Shemeji, dada yako ni wa zamani. Mvue nepi, umwache atembee matako wazi humo ndani. Akijilowesha ataona kero, mwenyewe ataitafuta poti."

Akamvua. Kitufe aliufurahia uhuru wake. Alikojoa kwenye zulia, akakojoa kwenye kochi, na siku moja akachuchumaa juu ya sanduku la zana akaziogesha bisibisi zote. Poti aliivaa kichwani. Baba akajaribu kumhonga biskuti: ukikaa ukikojoa, unapata. Kitufe alisimama pembeni ya poti, akanyoosha mkono. "Biskuti kwanza," akasema. Lakini akielekezwa bafuni, kwenye choo cha wakubwa, ndipo kichaa kilipompanda. Alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili akapiga kelele, "Sitaki choo! Sitaki!"

Ukweli ni kwamba mambo yale yalichekesha, na hapo ndipo palipomuuma Fundi. Siku ile ya sanduku la zana alicheka mpaka akashika ubavu, akageuka kuelekea jikoni ili amsimulie mtu. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili na birika. Akaingia chooni, akafunga mlango, akafungulia bomba.

Alikuwa na mazoea hayo tangu msiba. Ndugu waliokuja kuzika walimwambia ajikaze, mtoto asimwone akilia, na yeye akalishika neno lao. Uchungu ukimjia alikimbilia mle ndani, akaacha maji yatiririke yafunike sauti, akanawa uso, akatoka kama mtu aliyekuwa na shughuli zake tu. Aliamini hakuna aliyejua.

Asubuhi moja, friji la mteja likimsubiri chini na shule ikikaribia kufunguliwa, alimkalisha Kitufe kwenye poti mpaka miguu ya mtoto ikafa ganzi. Hakutoka hata tone. Akamwinua. Mtoto akaenda moja kwa moja nyuma ya kochi, na harufu ikaeleza yaliyobaki.

"Mbona unanitesa?" Fundi akafoka. "Wenzako wote wanajua! Wewe tu!"

Sauti yake ilimtisha hata yeye mwenyewe. Kitufe hakulia. Alimtazama tu, vidole mdomoni.

Tangu hapo mtoto akajibana. Siku ikapita, ya pili ikapita, hakutoa kitu, si kwenye nepi wala kwenye zulia. Tumbo likawa gumu, akawa anatembea amejikunja, chakula hataki. Fundi akambeba mbio mbio hadi zahanati.

Nesi aliyewapokea alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alilibonyeza tumbo taratibu huku akimsemesha mtoto.

"Huyu anajibana mwenyewe, baba. Mmemgombeza?"

Fundi akatazama sakafu. "Nimemgombeza."

"Na mama yake anasemaje?"

"Mama yake alifariki."

Nesi akavuta kiti akakaa karibu naye. "Pole sana, baba. Nitampa dawa ya kulainisha, na umnyweshe maji kwa wingi. Hiyo poti iweke pembeni, usiitaje kabisa. Hapa huwezi kushindana na mtoto, ufunguo anao yeye." Akamvalisha Kitufe viatu. "Halafu mwangalie anavyocheza. Mtoto wa umri huu hawezi kukueleza anachokiogopa, ila atakiigiza mchezoni."

Dawa ikafanya kazi yake, nepi ikarudi, nyumba ikatulia. Fundi alikuwa ameshakata tamaa ya shule. Alasiri moja alikuwa jikoni akiosha vyombo, akasikia Kitufe akizungumza kwenye korido. Akachungulia.

Mtoto alikuwa ameitoa poti alikoificha baba yake, amemkalisha mdoli wake juu yake. Mbele akaegemeza kifuniko cha boksi. "Funga mlango," akasema. Kisha akaiga mlio wa bomba, shiiii, shiiii. Kisha mdoli akaanza kulia kwa sauti nyembamba, na Kitufe akampangusa uso kwa pindo la gauni lake. "Basi, basi. Jikaze. Jikaze, bwana."

Fundi alibaki amesimama, povu likimdondoka vidoleni. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyojiambia nyuma ya mlango uliofungwa, maji yakimwagika. Kumbe kila alipokuwa ndani, mtoto alikuwa nje ya mlango, amesimama kimya, anasikiliza.

Akachuchumaa. "Kitufe, mdoli anafanya nini?"

"Yuko choo."

"Anakojoa?"

Kitufe alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jambo la wazi. "Analia. Baba analia choo."

"Choo kinauma?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

"Hakiumi, mama. Hakiumi hata kidogo. Baba analia kwa sababu anamkumbuka mama yako."

Kitufe akafikiri. "Mama yuko choo?"

Fundi akakaa chini pale pale kwenye korido, mgongo ukutani, akalia mchana kweupe mbele ya mwanawe, bila bomba wala mlango. Kitufe hakuogopa. Alimwacha mdoli, akaja na lile pindo la gauni, akamsugua baba yake uso kwa nguvu kama anayefuta meza.

"Hayuko choo," Fundi akasema alipoweza. "Mama hayupo tena. Tupo mimi na wewe."

"Na mdoli," Kitufe akamsahihisha.

Kuanzia siku hiyo Fundi hakuufunga tena mlango wa choo. Akiingia, Kitufe alikuja kusimama kizingitini.

"Unalia?"

"Nakojoa."

"Aaa," akasema mtoto, akaenda zake.

Uchungu ukimjia ulimkuta popote alipokuwa, akimenya kitunguu au akikunja nguo, na mtoto aliona. Wakati mwingine alimpangusa. Wakati mwingine aliendelea na michezo yake.

Poti Fundi hakuitaja. Ni Kitufe mwenyewe aliyeikokota mpaka bafuni asubuhi moja, akaiweka ubavuni mwa choo cha wakubwa, akavuta nepi chini, akakaa. Ukasikika mlio mwembamba. Wote wawili wakatumbua macho. Fundi akamnyanyua juu juu, akazunguka naye sebule nzima akishangilia, na mtoto akashangilia bila kujua vizuri anashangilia nini.

Halafu Fundi akasimama, anahema, akitafuta wa kumwambia. Akampigia dada yake, simu ikaita mpaka ikakata. Akashuka naye chini, saluni ilikuwa imefungwa. Akawa anarudi ngazini simu ikalia mkononi. Sauti ngeni ya mama mtu mzima.

"Hapo ni kwa fundi? Jokofu langu linanguruma tu, haligandishi."

"Mama," Fundi akasema, ikamtoka tu, "mwanangu amekojoa kwenye poti."

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Peke yake?" mama akauliza.

"Peke yake. Ameikokota mwenyewe."

"Haya, hongera, mwanangu! Hongera sana! Mimi wangu wa mwisho alinichosha huyo, nilimaliza mbinu zote. Leo ana ndevu, yuko mbali huko, hata salamu haniletei." Mama akacheka, kicheko kikapungua polepole. "Mama yake naye amefurahi?"

"Hatunaye, mama. Nipo naye mwenyewe."

"Ooh. Basi njoo naye. Hapa nipo mwenyewe."

Walikwenda mchana huo. Nyumba ilikuwa safi, viti vyote vimepangwa kama hakuna anayevikalia. Themostati, kile kidhibiti cha baridi, ndiyo iliyokuwa imekufa. Fundi alipiga magoti nyuma ya jokofu na tochi mdomoni, na huko akamsikia Kitufe akiuliza kwa sauti ya mkubwa, "Bibi, choo kiko wapi?" Akasikia miguu ya watu wawili ikielekea huko, mmoja akiburuza ndala, mwingine akikimbia, na maongezi yao yakafifia ndani ya nyumba ile kubwa. Akabaki na waya mkononi, akiyasikiliza hadi yakapotea kabisa.

Shule ilipofunguliwa Kitufe alipokelewa. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Fundi alisimama kwenye uzio mpaka mwalimu mkuu akaja kumwambia aende kazini, mtoto yuko salama. Akaenda. Akafungua karakana, akalivuta friji la kwanza, akaanza kazi. Mchana msusi alipopita akamkuta amekaa kwenye kreti, kazi imekwisha zamani, anatazama saa.