Pamba ya Mbarak

Kitambaa kisichompendeza, Mbarak alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Ndivyo alivyoishika suruali ya ndani aliyoichagua Safia, mke wa mdogo wake, wakiwa katika ofisi yao ndogo ya kununulia wateja bidhaa, kwenye jengo la Tianxiu huko Guangzhou, China.

"Nailoni," alisema. "Shemeji, unataka kuwavalisha watu nailoni?"

"Ni polista, ina manyoya ndani. Inaondoa jasho mwilini."

"Jasho? Kilimanjaro? Kule ni barafu, mama!"

Mteja wao alikuwa Bertila wa Moshi, mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Suruali nene za theluji za wapagazi wake alikwisha kuzipata. Sasa alitaka nguo za kuvaliwa ndani yake. Miongoni mwa wapagazi hao alikuwamo Abubakary, kitinda mimba wa mama yake Safia. Ni yeye aliyemsimulia dada yake jinsi mwenzao alivyoteremshwa kwa machela, nguo zake za pamba zimelowa jasho la mzigo na kumgandia mwilini. Tangu siku hiyo Safia hakutaka kusikia habari ya pamba kupanda mlima.

Mbarak naye hakutaka kusikia habari nyingine. Kwa mtu wa pwani pamba ndiyo nguo: inanyonya jasho, inapitisha hewa, haikuachii vipele. Alikulia kwenye maduka ya vitambaa Kariakoo, na kwake kitambaa kizito ndicho chenye joto, basi. Hakuwahi kuishi mahali ambapo kulowa kunaua.

"Bertila nimeshamwambia pamba," alisema. "Sitarudi kumwambia nimesahihishwa na mwanamke aliyeolewa kwetu juzi."

Safia alimchukia pale pale, chuki kavu, bila hata kujilaumu. "Basi twende kwenye theluji. Vaa zako, nivae zangu. Atakayetoka wa kwanza anyamaze."

Theluji ilikuwapo, ingawa ulikuwa mwezi wa Julai, ndani ya jengo kubwa pembezoni mwa Guangzhou ambako watu hulipa kuteleza huku nje jua linawaka. Mbarak hakuwa mtu wa kuvua nguo mbele ya wanaume wengine, kwa hiyo alivalia nyumbani: pamba nzito, na suruali ya theluji juu yake. Safia alizitia zake kwenye mfuko.

"Si ukavalie kule kule, shemeji?"

"Usinifundishe kuvaa."

Wakapanda treni, kila mmoja akitazama upande wake. Mbarak alichuruzika jasho hadi kope. Watu wazima walimkodolea macho, mama mmoja akamsogeza mtoto wake pembeni. Safia aliona kila kitu, na ukweli ni kwamba alifurahi.

Walipoingia, Mbarak alicheka. "Unaona? Kama niko kitandani kwangu." Alipanda kilima kwa madaha, akateleza, akakaa kitako kwenye theluji, akainuka na kujipangusa. Kisha kicheko kikamwisha. Akaanza kuzungukazunguka mikono kwapani, na midomo ikamgeuka rangi.

"Toka, shemeji," Safia alisema.

"Toka wewe."

"Utaugua."

"Uguza mdogo wako mpagazi."

Safia hakutoka. Angeganda yeye kwanza kuliko kumwachia yule bwana ushindi, naye wala hakuwa na dalili ya kuganda. Miguu yake ilikuwa mikavu na yenye joto. Mwishowe Mbarak aligeuka bila kuaga akaelekea mlangoni, miguu imemkakamaa. Safia alimfuata akamletea kikombe cha maji ya moto. Nusu yake yalimwagika.

"Sikia," Mbarak alisema, maneno yakimtoka vipande vipande. "Mdogo wako... mtumie hizo zako. Wengine wavae pamba. Wamezoea baridi hao."

Kwa kitambo Safia aliliona jambo hilo kuwa jema kabisa. Abubakary angepona, na mume wake kule Dar asingepigiwa simu za matusi na kaka yake. Halafu aibu ikamshika, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akimpigania mmoja tu, na mtu huyu mwenye roho mbaya ndiye aliyemwonyesha hilo.

"Sasa umeijua baridi yenyewe," alimwambia, "na bado utawavalisha?"



Safia akatoa simu, akabonyeza kurekodi. "Dada Bertila, ni Safia. Shemeji yangu ametoka kwenye theluji sasa hivi, amevaa ile pamba aliyokusifia. Hebu msikilize." Akamsogezea simu mdomoni.

Mbarak alijaribu kusema, meno yakamkatalia. Yaligongana, yakagongana, na Safia hakuiondoa simu mpaka alipohakikisha yamesikika vizuri. Akatuma.

Jibu lilikuja wakiwa bado wamekaa pale. Bertila hataki pamba, hata moja, kwa mpagazi yeyote.

"Ofisini kwangu," Mbarak alisema ulimi ulipomrudia, "usikanyage tena. Na mdogo wangu nitamwambia ameoa nini."

"Mwambie."

Safia akauchomoa ufunguo wa ofisi kwenye kishikio chake cha funguo, akauweka juu ya benchi.