Hapa Piano Haipandwi

Sisi wa kundi la Sketi Tatu tumeimba pamoja miaka arobaini, na katika miaka hiyo nimelala juu ya piano mara elfu tatu na ushei. Mwenzetu Gwilym ndiye anayeweka hesabu. Mimi huhesabu viti vitupu tu, na vikizidi vitano silali usingizi.

Wimbo wenyewe ndio unaofunga onyesho letu: mjane anamsubiri fundi wa boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. Fundi kaahidi atafika kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, kama waahidivyo wote, na hajaonekana. Nyumba imeganda, mjane kavaa makoti mawili, na badala ya kumlaani fundi anaanza kumpenda. Pru, mpiga piano wetu, anapiga utangulizi, namshika bega, naruka, na kabla utangulizi haujaisha niko juu ya piano nimejinyoosha kwa ubavu, gauni jekundu la vimetameta, kiatu kimoja kinaning'inia kidoleni. Watu huja kwa ajili ya kiatu hicho. Kuna mwanamke wa mji wa Buxton aliyekuja mara ya kwanza na mama yake, siku hizi anakuja na mjukuu, na kila mwaka swali ni lile lile mlangoni: "Thora, bado unapanda?"

Basi Alhamisi ile tulikuwa Sandthorpe, mji wa pwani, mvua ya ubavu, onyesho la saa nane mchana. Tiketi mia nne na kumi na mbili, zote zimekwisha. Nilikuwa na furaha kama kuku kwenye pumba mpaka alipotokea Crispin, meneja mpya wa ukumbi, kijana msafi mwenye ndevu zilizokatwa kama ua wa michongoma.

"Bi Thora, samahani sana," akasema. "Samahani kweli kweli."

Huku kwetu mtu akikuomba radhi mara mbili kabla hajasema neno, jua ameshaamua.

"Tumepitia usalama wa jukwaa. Kuanzia leo hakuna msanii atakayepanda juu ya piano."

"Wako wangapi hapa wanaopanda piano, mwanangu?"

"Eh... mmoja."

"Basi mtaje jina, usione haya."

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Tumekuwekea kiti. Kizuri. Kina mito."

Nikakitazama. Kiti cha kijani chenye mikono mirefu, cha nyumba ya kulelea wazee, kinachoomba blanketi la magotini. Nikajua safari nzima ilivyo: leo kiti, mwakani shali, mwaka wa tatu shada la maua na hotuba, na mwanamke mwingine ndani ya gauni langu. Nina miaka sabini na mitatu. Sina mume, sina hata paka. Nina wimbo mmoja, nao unaimbwa kutoka juu.

Nikawageukia wenzangu. Gwilym akaitazama sketi yake. Huyu ni mwanamume wa Welisi aliyeingia mwaka wa tisini na moja, Moira wetu alipoolewa na daktari wa meno akahamia Kanada. Mabango yalikuwa yameshachapwa "Sketi Tatu", basi Gwilym akavaa sketi, na hajaivua mpaka leo. Mtu wa hivyo hutarajii akwepe macho. Aliyakwepa. Naye Prudence, Pru wangu, alikuwa anafunuafunua karatasi za muziki anaoujua kwa moyo miaka arobaini.

"Kiti ni kizuri," akasema Pru bila kuinua macho.

Hapo nikanusa kitu. Nikanunua skonzi mbili na chai, nikaenda kwenye dirisha la tiketi kwa Ivy, ambaye amekaa pale miaka ishirini na sita na anajua hata nani hulala chali.

"Mimi sisemi kitu, kipenzi," akasema Ivy. Ndivyo anavyoanza kila anapotaka kusema. Akaimega skonzi. "Kijana wa watu mnamwonea tu. Barua ilimjia wiki mbili nyuma, ya kuomba usiruhusiwe kupanda piano. Niliifungua mimi. Haikuwa na jina, lakini imeandikwa kwa wino wa kijani."

Nikaiweka skonzi yangu chini. Mtu mmoja tu namjua anaandika kwa wino wa kijani. Masista walimkataza shuleni tulipokuwa wasichana, ndiyo maana haachi.

Tulivaa chumba kimoja, nikamfunga zipu yake, akanifunga yangu. Tukatoka, tukaimba nyimbo kumi na tatu, watu wakacheka pale pale wanapocheka siku zote. Kisha taa zikageuka nyekundu, Pru akaanza utangulizi wa fundi wa boila, na kile kiti cha kijani kilikuwa kinaningoja katikati ya jukwaa kama mchumba wa kulazimishwa.

Nikakisukuma kwa mguu mpaka pembeni. Kicheko. Nikaweka mkono begani kwa Pru. Bega lilikuwa jiwe. Akaacha kupiga.

"Usipande," akaninong'oneza.

Lakini vinasa sauti vimebanwa kifuani mwetu, na watu mia nne na kumi na mbili wakasikia. Wakacheka sana. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

"Ni wewe uliyeandika barua?" nikamwuliza.

"Barua gani?"

"Ya wino wa kijani, Pru."

"Mwambie ukweli, mama!" bibi mmoja wa safu ya pili akapaza sauti, na ukumbi ukapasuka.

Pru akaondoa mikono kwenye piano, akaipakata. "Ndiyo. Ni mimi."

Wakapiga makofi. Gwilym akaja kati yetu na kigitaa chake kidogo. "Mabibi, mabibi..."

"Wewe kaa, ulijua!" nikamwambia. "Pru, kwa nini hukunieleza mimi? Unamwandikia mtoto wa watu mwenye ndevu za michongoma, mimi nina masikio!"

"Masikio unayo, kusikia huna. Kule Harrogate nilikwambia usishuke bila mkono wa mtu. Ukashuka nyuma ya pazia, kimya kimya. Nani alikukuta chini? Nani alishika kichwa chako mpaka gari la wagonjwa likafika, akawaambia watu umekula kamba walioharibika?"

Kicheko kikapungua, kama mvua inapohamia mtaa wa pili.

"Nimezika mume," Pru akasema. "Nimezika dada yangu. Wewe sikuziki na vimetameta, Thora. Sikuziki."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza.

Ningeweza kukaa. Kiti kilikuwa hatua tatu. Nikawatazama watu: mikongojo imetundikwa migongoni mwa viti, vile vigari vya kutembelea vimepangwa ukutani kama baiskeli nje ya kiwanda. Hakuna aliyenionea huruma. Walikuwa wanangoja kuona nani atashinda.

"Haya," nikasema. "Mwenzangu kaungama, na mimi naungama. Nyonga hii ni ya chuma tangu mwaka juzi. Goti hili linalia kama mlango wa kanisa. Nilikuwa naruka ili msijue, kisha najifungia na barafu. Leo siruki. Leo napanda kama mtu mzima anayepanda, na asiyetaka kuona afumbe macho. Pru, piga polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama mazishi ya tajiri."

Alinitazama kwa hasira, mashavu yamelowa. Nikadhani atafunga piano aondoke. Kisha akasogea akanipa nusu ya benchi lake, akaanza kupiga.

Nikaweka goti juu ya benchi. Crispin akajitokeza pembeni ya pazia akipunga karatasi. "Kaa chini, kijana!" bibi wa safu ya pili akamfokea, naye, masikini, akakaa kwenye kile kiti cha kijani. Nikaweka goti la pili. Nikalaza tumbo juu ya piano kama sili wa baharini juu ya mwamba, miguu hewani, Gwilym kanishikia pindo la gauni kwa heshima zote.

"Hata mkate unaumuka upesi kuliko huyu," Pru akasema kwenye kinasa sauti.

"Mkate haupigiwi muziki wa kuchosha hivi!"

Sasa walikuwa wanapiga makofi ya kufuatisha, wengine kwa fimbo sakafuni. Dakika nne, Gwilym anasema. Nikajigeuza, nikalala kwa ubavu, nikavua kisigino, kiatu kikaning'inia. Sikungoja kelele iishe:

*Fundi wangu njoo hima, boila halijawaka,*
*nimevaa koti mbili, meno yanatetemeka,*
*uliniambia kesho, na kesho imeshafika...*

Kwa mwendo ule wa polepole wimbo ulikuwa na maneno ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Waliimba nami kiitikio, ukumbi mzima, na wengine hawakucheka kabisa.

Tulipomaliza, Pru hakungoja pazia lifungwe. Alisimama akanyoosha mkono. "Utashuka mbele ya watu," akasema, "na utashuka ukinishika mimi."

Hilo lilinichoma kuliko barua. Kupanda ni fahari. Kushuka sijawahi kumwonyesha mtu. Nikaushika mkono wake. Nikateremka kitako, kisha goti, kisha unyayo mmoja sakafuni, nikiguna, na kila mguno waliushangilia. Wenye miguu ya kusimama walisimama.

"Tena!" bibi wa safu ya pili akapiga kelele. "Tena! Tena!"

"Usithubutu," Pru akanong'ona, vidole vyake vimenibana kifundo cha mkono.

"Basi usiniachie," nikamwambia, na goti langu lilikuwa limeshafika juu ya benchi.