Hewa ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Retnaningsih, ni mwanamke wa Solo, mji wa Wajava huko Indonesia, mwenye adabu za zamani: akicheka anaziba mdomo, akipiga chafya anaomba radhi. Huyo ndiye aliyepasuliwa utumbo, uhai wake ukabaki unangoja ushuzi.

Ndiyo, ushuzi, nisizunguke. Nesi Yuliastri alitueleza kwamba utumbo ukishaguswa na kisu unalala. Ukipewa chakula haukisagi, hakiingii kwenye damu wala hakileti nguvu, kinakaa humo kinachacha. Hewa ikitoka kwa chini, tujue umeamka, aanze uji. Isipotoka hadi jioni, daktari atampasua tena, na kwa mwili ule uliobaki mifupa, sikuamini angeamka.

Na wageni nao! Tangu asubuhi mtaa mzima umejaa chumbani na machungwa yao, maana kwetu mgonjwa asiyejaziwa watu ni aibu kwa ukoo. Kila akiingia mgeni Mama anatabasamu, halafu anakaza uso, jasho linamtoka. Nikadhani ni maumivu. Nilipoinama kumpangusa ndipo akaninong'oneza:

"Inakuja, Wuryani. Nairudisha."

"Unairudisha wapi, Mama?"

"Mbele za watu? Afadhali nife."

Hasira zikanipanda. Nikawatoa wageni wote, pamoja na mjomba wa mume wangu, jambo ambalo mkwe wa Solo hathubutu. Nikafunga mlango. Mama akanitazama tu, midomo imemkauka. Nikaelewa: kumbe na mimi ni watu. Tangu niolewe, hata kupiga mwayo mbele yake sijawahi.

Basi nikamgeuzia mgongo, nikainama kidogo, nikaachia. Mchana nilikuwa nimekula tempe, yaani soya iliyochachushwa, ya kukaanga na kabichi, sauti ilitosha.

Kisha nikasikia kitanda kinatikisika. Mama alikuwa anacheka, ameshika mshono, machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko kile utumbo wake ukajibu kwa sauti nyembamba, ndefu, kama birika linaloanza kuchemka. Nikaangua kilio.

Yuliastri akaleta uji. Mama akameza kijiko cha kwanza, akafumba macho, akawa anausikiliza ukishuka.

"Wuryani," akasema, "wageni wakiuliza, hata ule mlio wa kwanza ulikuwa wangu."