Mkwe Uwanjani

Kila Jumapili baada ya misa, Delphine alipiga pasi gauni lake la kufundishia huku baba yake, Laurent, akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa mlangoni. Jumapili ile alikuwa amefika kwenye kola tu, mlango ukasukumwa na kioo kikayumba.

Aliyeingia alikuwa Symphorien wa kamati ya mpira, shati limelowa jasho.

"Papa Laurent, tunakufa! Arbitre wa leo, bajandarme na bunduki zabo balimufungia njia kule Ruashi. Ni weye utapiga filimbi."

"Leo? Na ndevu nusu?"

"Hata na nusu. Lakini kamati inataka niulize: uko na ndugu katika hizi timu mbili?"

Laurent alijifuta povu taratibu. Macho yake yalimwendea Delphine, kisha yakarudi kwenye kioo.

"Sina na ndugu hata mumoja."

Haukuwa uongo kabisa. Rigobert, mshambuliaji wa timu ya karakana, mojawapo ya hizo mbili, hakuwa ndugu yao. Alikuwa amemtuma mjomba wake mwezi uliopita kuja kumposa Delphine, na mjomba akapokewa kwa chakula. Kwa desturi ya kwao, tangu siku ile Laurent na Rigobert walikuwa wakwe. Hawakuruhusiwa kula pamoja wala kutazamana usoni mpaka ndoa ifungwe. Wakikutana njiani, Rigobert aligeukia ukuta na Laurent aliinamisha macho.

Delphine aliyajua yote hayo. Alifungua mdomo, akaona haya kutamka neno "mchumba" mbele ya mgeni, akaufunga. Kola ilikuwa imeanza kuungua.

Wapinzani wa karakana walikuwa vijana wa Kamalondo, wengi wao watoto wa watu waliotoka jimbo jirani la Kasai. Tangu jimbo la Katanga lijitenge na kujitangazia uhuru wake, watu hao waliitwa wageni, hata wale waliozaliwa mjini hapa. Kipa wao, Zéphirin, fundi cherehani mpole, alivumilia kelele za nyuma ya lango lake mchana kutwa.

Mchezo ulikuwa unakaribia kwisha bila bao. Mpira wa kona ukapigwa. Rigobert aliruka katikati ya watu, akausukuma mpira kwa mkono.

Delphine, aliyeketi jukwaani, aliuona ule mkono. Alimwona pia baba yake, pale karibu kabisa, akiinamisha macho kama afanyavyo njiani. Alipoyainua, mpira ulikuwa umeshaingia wavuni. Alisita kidogo, akapuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja: bao. "But! But!" watu wa karakana wakashangilia.

Na Delphine akapiga makofi. Furaha ilimtangulia. Alipojitambua, viganja vyake vilikuwa bado vimegusana, akavificha ndani ya kitenge kana kwamba vimeiba kitu.

Zéphirin alikuja mbio. "Papa arbitre! Ulitazama chini! Mukono iko pale, na weye unatazama udongo!"

"Arbitre, nunua lunettes, macho yako haioni!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Gardien, Mungu alikupa mikono ya kudaka, haiko ya kulia!" mwingine akajibu, na jukwaa likacheka. "Rudia kwenu Kasai na wavu yako!"

Mama mmoja aliyeketi karibu na Delphine alimsukuma kwa kiwiko ili wacheke pamoja. Delphine alijaribu kutabasamu, akashindwa.

Mchezo ulipokwisha, alimpelekea baba yake koti katika chumba kidogo chini ya jukwaa. Symphorien alikuwa amesimama katikati. Zéphirin aliegemea ukuta, goti likitoka damu. Nje ya dirisha Rigobert alikuwa amesimama akiwapa mgongo. Asingeweza kuingia, kwa sababu mkwe wake alikuwa ndani.

"Huyu alitukana arbitre mbele ya bantu," Symphorien alisema. "Hatacheza tena mwaka muzima. Na siku hizi, Mukasai wa namna hii, bajandarme nabo batataka kumuuliza. Papa Laurent, sema tu: alikutukana?"

Laurent alikuwa akifungua kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafunguka.

"Kulikuwa bantu mingi mbele yangu," alisema.

"Hapana, papa," Zéphirin alisema kwa upole. "Hakukuwa muntu. Sikukutukana. Niliuliza tu, na sasa nauliza tena: juu ya sababu gani ulitazama chini?"

Laurent aliinamia viatu vyake. Delphine alilitazama lile goti, akafikiri kwamba kijana huyu angefungiwa, labda angekamatwa, ili yeye asione haya. Bila kujua anachofanya, akanyoosha mkono juu, kama wanafunzi wake.

"Nini, mama?" Symphorien akacheka. "Hapa haiko masomo."

Delphine alinong'ona kitu.

"Sema kwa nguvu. Hatusikii."

Laurent aliinua kichwa, akamtazama binti yake. Hakumkataza.

"Rigobert iko muchumba wangu," Delphine alisema, na sauti yake ikapita hadi nje ya dirisha. "Papa hawezi kumutazama, ni mukwe wake. Asubuhi tulijua, sisi wawili, na tulinyamaza. Mukono niliuona, papa Symphorien. Niliuona na nilipiga makofi. Ile haikuwa but."